Wimbo Usio na Ngoma

Zipo kazi ngumu duniani: kubeba saruji, kuzaa, kusuluhisha ndugu wanaogombea nyumba ya urithi. Lakini kukaa nyuma ya ngoma ambazo umeambiwa usizipige, umtazame mwanamume wako akimtazama mwanamke mwingine, nawe utulie kama hujaona kitu, hiyo kazi usimwombee hata adui yako. Kishindo alikuwa ameifanya tangu asubuhi, na sasa jua lilikuwa limeshapita utosini.

Vijiti alikuwa amevilaza mapajani. Mbele yake, amempa mgongo, alisimama Nyuzi na gita lake jekundu lililochubuka rangi pale mkono unapopita. Kushoto kwa Nyuzi, karibu mno kwa vipimo vya Kishindo, alikaa Mwalimu kwenye kinanda. Kila wimbo ulipotaka kuanza, Nyuzi aligeuza shingo kushoto, akaiangalia mikono ya Mwalimu, akavuta pumzi, akaanza.

Zamani alikuwa anageuka nyuma. Hilo ndilo lililomkata Kishindo maini. Tangu bendi ilipozaliwa, Nyuzi alikuwa anageuka mzimamzima kabla ya kila wimbo, anamkazia macho, anasubiri agonganishe vijiti, ndipo anapiga. Watu waliokuja kwenye maonyesho yao walikuwa wakiliona jicho lile wanapiga miluzi. Na mapenzi yao yalianzia hapohapo. Hakuna aliyemtongoza mwenzake. Walitazamana kabla ya nyimbo mpaka siku moja, mbele ya ukumbi mzima, wakasahau kuuanza wimbo.

Bendi iliitwa Wapangaji, kwa sababu ilikuwa imeshafukuzwa kila nyumba iliyowahi kufanyia mazoezi. Albamu yao ya kwanza ilikuwa roki tupu, kelele za kumtoa mtu usingizini mtaa wa pili, na watu waliipenda kwa kelele zake. Wakati huo walikuwa na mpiga gita mwingine waliyemwita Msumeno, na jina lake linajieleza. Ya pili ilikuwa na kelele kidogo na maneno mengi. Halafu Msumeno akaoa, akanunua tai, akaenda kuuza bima. Kila mtu alitegemea ataletwa mpiga gita mwingine wa kujaza pengo. Nyuzi akaja na mwanamke wa kinanda, mwalimu wa kufundisha watoto muziki, mwenye sauti ya chini na kucha zilizokatwa vizuri, ambaye alinawa mikono kabla ya kugusa ala yake.

Kishindo alimtafutia kasoro kwa bidii zote. Hakuchelewa, hakusengenya, alipiga kinanda kama maji yanayopita mferejini. Wiki zilipita na kasoro haikuonekana, na mwanamke asiye na kasoro, jamani, ni nani atampenda?

Tangu aje, nyimbo zilianza kupungua sauti. Kwanza ngoma ziliambiwa zisubiri hadi katikati. Baadaye zikaambiwa zisubiri hadi mwisho. Kwa wimbo huu wa leo, Nyuzi alikuja na daftari lake, akakuna shingo, akasema huku anatazama sakafu kwamba hapa Kishindo angepumzika tu. Apumzike! Neno hilo huambiwa wagonjwa na wafanyakazi wanaokaribia kufukuzwa.

Angalau angeruhusiwa kwenda zake nje. Lakini Mama Santuri hakutaka. Mama Santuri alikuwa mwenye lebo iliyotoa albamu zao, mwanamke mnene wa maneno machache, aliyewahi kuuza sahani za muziki kwenye meza ya barazani mpaka meza ikawa duka, na duka likawa lebo. Studio yake ilikuwa duka la viatu zamani, na rafu bado zilikuwa ukutani nyuma ya magodoro yaliyowekwa kuzuia mwangwi. Alikuwa na amri yake moja isiyojadiliwa. Kwingine wanamuziki hurekodiwa mmojammoja, huyu leo, yule kesho, halafu fundi anawaunganisha. Kwake wote walikaa chumba kimoja na kupiga kwa pamoja, na asiyepiga alikaa mahali pake akasikiliza. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Alisema kama hawawezi kuvumiliana chumba kimoja kwa urefu wa wimbo mmoja, basi wasimletee albamu. Mengine yote aliwaachia wao. Watoe ngoma, waweke kinanda, waimbe kwa kunong'ona, hilo lilikuwa juu yao. Yeye alikuwa muuzaji, si mpishi.

Kwa hiyo Kishindo alikaa na kuona yote.

Aliona Mwalimu anavyoinua kidevu kidogo na Nyuzi anavyojibu kwa kupepesa jicho. Aliona jasho kwenye shingo ya mwanamume aliyemfahamu hadi kovu la nyuma ya sikio, na akajiuliza kama yule naye ameshaliona kovu hilo. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, ndivyo tunavyoambiwa tangu utotoni, na kweli Kishindo alikuwa amekonda. Suruali ilikuwa inamvuka.

Na si macho yake tu yaliyomtesa. Jumapili iliyopita dada mkubwa wa Nyuzi, wifi mtarajiwa, aliialika bendi nzima chakula cha mchana. Alimkaribisha Mwalimu kwenye kiti cha karibu na meza, akamwelekeza Kishindo kwenye stuli ya jikoni. Katikati ya chakula akaushika mkono wa Mwalimu, akaugeuzageuza, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani kwamba hivi sasa ndivyo vidole vya kike. Kishindo alificha mikono yake chini ya meza. Mchana alifanya kazi kwenye karakana ya baba yake ya milango na madirisha, jioni alipiga ngoma, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli. Alimtazama Nyuzi aseme neno. Nyuzi aliomba chumvi.

Nyumbani kwao nako hakukuwa na afueni. Mama yake alikuwa akimwuliza kila mara huyo mwanamume anayemtungia nyimbo za mapenzi mwaka hadi mwaka ana ugonjwa gani wa miguu, hata hajaweza kufika mlangoni kwao akajitambulisha. Kishindo alimtetea. Alisema anasubiri albamu hii itoke. Mama yake akamwambia albamu haizai wajukuu.

Yote hayo angeyameza, kama isingekuwa lile la mkono. Jioni moja aliwahi kufika studio, akakuta mlango umeegeshwa. Nyuzi alikuwa amekaa kando ya Mwalimu, amemshika kifundo cha mkono wa kushoto, anamgongagonga kwa vidole viwili, polepole, amefumba macho. Mwalimu alikuwa ametulia tu. Kishindo alirudi barabarani, akasimama mbele ya duka la rangi akijifanya anasoma bei, kisha akaja tena kwa kukanyaga kwa nguvu ili asikiwe. Hakuuliza. Mwenye wivu hapendi kuuliza, maana anaweza kujibiwa.

Ndipo leo asubuhi, mswaki ukiwa bado mkononi, akapiga simu ambayo hakuwahi kufikiri angeipiga.

Ilikuwa hivi. Bendi moja kubwa, inayosafiri na mafundi wake na magari yake, ilikuwa imebaki bila mpiga ngoma. Kiongozi wao alikuwa amemwona Kishindo jukwaani, akamtafuta, akamtaka aende nao safari ya mwaka mzima, nchi baada ya nchi, kuondoka Jumamosi. Kwa wiki kadhaa Kishindo aliwaambia anafikiria. Uongo, hakuwa anafikiria kitu. Alikuwa anatafuta namna ya kukataa kwa adabu, na hakumwambia Nyuzi, maana kwa nini umwambie mtu jambo ambalo halitakuwepo? Lakini leo, baada ya usiku mwingine wa kuviona akilini vile vidole viwili vikigonga mkono usio wake, aliwapigia akasema ndiyo. Yule kiongozi alifurahi sana. Kishindo alikata simu, akasukutua mdomo, akaja kazini. Hakuna aliyejua.

Sasa Mama Santuri alizungumza kutoka chumba cha mitambo, sauti yake ikipita kwenye spika ndogo iliyoning'inia juu ya mlango. Mara ya kwanza Binamu, mpiga besi, mtoto wa mama mdogo wa Nyuzi, alikuwa amepiga chafya. Mara ya pili sauti ya Nyuzi mwenyewe ilikuwa imekatika kwenye ubeti wa mwisho. Aliwaomba wanawe watulize mioyo, wanywe maji, waanze tena.

Nyuzi aligeuza shingo kushoto. Akavuta pumzi.

Wimbo ulianza kama ulivyopangwa, kinanda chini, gita likidokoadokoa, besi ikipita taratibu kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya waliolala. Nyuzi akaimba juu ya mtu aliyeondoka na kiti alichokiacha. Ulikuwa wimbo mzuri. Kishindo alijua ni mzuri, na ndiyo ilikuwa balaa, maana ubaya angeweza kuusamehe. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, na pale Mwalimu alipoinua kile kidevu chake na Nyuzi akamwitikia kwa tabasamu, mikono ya Kishindo haikungoja ruhusa ya mwenyewe.

Aliingia kwa nguvu zote. Ngoma kubwa ilitetemesha rafu za viatu nyuma ya magodoro. Alipiga kwa kasi kuliko wimbo ulivyokuwa unakwenda, makusudi, kwa roho mbaya, akitaka vile vidole vya kike vijikwae mbele ya watu.

Havikujikwaa. Hilo halikuwa kwenye hesabu zake. Mwalimu hakuinua hata uso. Mkono wake wa kushoto uliudaka mdundo wa Kishindo papo hapo, kana kwamba ulikuwa unaungoja, na besi ya Binamu ikafuata, na wimbo mzima ukainuka. Kwa muda mfupi Wapangaji walikuwa tena ile bendi iliyofukuzwa kila mahali, ila sasa walikuwa na kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho. Mtu mmoja tu ndiye aliyepotea. Nyuzi alisimama na mkono umekufa juu ya nyuzi, mdomo wazi, hapigi, haimbi. Kisha akavua gita, akaliegesha ukutani kwa uangalifu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Muziki ukakatika. Spika juu ya mlango ikauliza ni nani aliyewaruhusu kusimama, maana hapo ndipo yeye alipokuwa ameanza kufurahi.

"Mimi nilidhani imepangwa," alisema Binamu.

Kishindo aliweka vijiti chini. Aibu ilikuwa imeshaanza kumpanda, lakini hasira ilikuwa bado mbele. Mwalimu alimgeukia.

"Dada, mfuate."

"Mfuate wewe. Si ndiye uliyemzoea?"

Mwalimu aliweka mkono wa kushoto kwenye sehemu ya chini ya kinanda na kupiga mdundo mfupi, mzito, wenye kuruka mahali fulani na kurudi. Aliupiga mara moja, akaurudia.

"Huu unaujua?"

Kishindo aliujua. Mtu ataachaje kuujua mwendo wake mwenyewe akisikia hatua zake kwenye ngazi? Ulikuwa mdundo wake, wa wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza, ambao aliutengeneza kwa kugonga milango ya baba yake.

"Nyimbo zote hizi mpya," Mwalimu akasema, "mkono wangu wa kushoto unapiga midundo yako. Ananishika hapa, ananigongea jinsi unavyopiga, anataka ukae humu ndani bila kusikika. Nikimwambia nimeelewa, ananigongea tena. Dada, nimesomea kinanda tangu nikiwa mtoto, sikuja kwenye bendi kufundishwa mkono wa kushoto na mpiga gita. Nimevumilia kwa sababu namwonea huruma. Na kwa kidevu changu pia samahani, mimi huwa nahesabu nacho."

Binamu alicheka kidogo, akajifanya anakohoa. Kishindo alisimama, akagonga toazi kwa kiwiko, akatoka.

Nyuma ya studio palikuwa na ua mdogo wa saruji ambapo Mama Santuri aliweka maboksi ya albamu zisizouzika na kamba ya kuanikia. Nyuzi alikuwa amekaa juu ya boksi mojawapo, viwiko magotini. Hakuinua kichwa.

"Umeridhika?" aliuliza.

"Niridhike na nini? Umenitoa kwenye bendi wimbo mmojammoja, kama mtu anayehamisha vyombo vya mwenzake kimyakimya ili akirudi akute nyumba tupu. Halafu unaniuliza kama nimeridhika."

"Mimi sijamtoa mtu. Wewe ndiye unayeondoka."

Kishindo alimwuliza nani amemwambia hivyo, na sauti ikatoka nyembamba, si yake.

Nyuzi alimweleza huku anachuna gundi ya boksi kwa ukucha. Yule kiongozi wa bendi kubwa alikuwa mtu wa heshima zake. Kabla ya kumpigia Kishindo alimpigia Mama Santuri, mwenye lebo, kama mtu anayekwenda kwa wazazi kwanza. Mama Santuri akamwita Nyuzi siku hiyohiyo, akamfungia mlango, akamwambia binti amepata safari kubwa, na uamuzi ni wake peke yake. Asimsukume, asimshike, akae na mdomo wake. Basi akakaa nao.

"Nilikuwa nangoja uniambie," alisema. "Kila tukiagana njiani najisemea ndiyo sasa hivi. Unaniambia usiku mwema. Nikajua umeshaamua, unanionea huruma tu."

"Nilikuwa nimeamua kukataa. Ningekwambia nini? Kwamba kuna mahali siendi?"

Nyuzi aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulikuwa umeamua kukataa," alirudia polepole. "Ulikuwa. Na sasa?"

Kuna wakati mtu anatamani ulimi wake uote kutu. Kishindo aliiangalia kamba ya kuanikia, akaiangalia saruji, mwisho ikabidi amtazame yeye.

"Leo asubuhi nimewakubalia."

"Leo?"

"Nilikuona umemshika mkono. Nikalala na picha hiyo wiki nzima. Leo nikaamka nimechoka kuitazama."

Nyuzi alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, akajifuta uso kwa kiganja. Alisema kumbe ameshika mkono wa mtu asiyemtaka ili ajifunze kuishi bila mtu anayemtaka, na mkono huohuo ndio uliomfukuza. Kishindo akamwambia kama angesema neno moja tu kwa dada yake siku ile ya chakula, badala ya kuomba chumvi, huenda asingeona mikono kila mahali. Nyuzi alikiri. Alisema siku ile alinyamaza kwa sababu aliogopa akifungua mdomo kumtetea angelia mezani. Kishindo alikaa kwenye boksi la pili, magoti yao yakagusana. Hakuna aliyeyaondoa.

"Nitawapigia," alisema. "Nitawaambia nimebadili mawazo. Ni simu tu."

"Hapana."

"Kwa nini hapana? Hunitaki?"

"Nakutaka hadi naumwa. Lakini nimekaa na habari hii wiki zote hizi, nimeigeuza kila upande. Ukibaki kwa sababu yangu, kila nikiitazama mikono yako nitakuwa najua ilipaswa kufika wapi. Nitaanza kukuogopa. Nawe siku moja, tukiwa tumegombana kwa jambo dogo tu, utalisema. Nenda. Mwaka si umilele." Kisha akauliza kwa sauti nyingine, huku anatazama pembeni. "Yule mwimbaji wao. Anayevua shati jukwaani. Ana mke?"

"Anao wawili, nimesikia."

"Basi anaweza kutaka wa tatu."

Kishindo alicheka bila kutaka, na kicheko kikaja na machozi. Kumbe mwenzake naye alikuwa na kidonda hichohicho, anakikuna peke yake gizani. Alimwegemea bega. Shati lake lilinuka jasho na sabuni anayoijua. Nyuzi aliuchukua mkono wake mgumu, akaufungua kiganja, akaweka midomo pale ngozi ilipokomaa, hakusema kitu kuhusu vidole.

"Kabla ya Jumamosi," alisema baadaye, "nitakuwa nimekaa sebuleni kwa mama yako. Nisipofika, usinipigie hata simu moja ukiwa huko."

"Atakuuliza miguu yako ilikuwa na ugonjwa gani."

"Nitamwambia woga."

Wangeweza kuishia hapo, wakasimama, wakafutana machozi kama watu wazima. Lakini wivu hauchomoki kwa siku moja, hasa kwa mtu kama Kishindo. Ulikuwa umebaki mzizi mmoja, na akaona asipoung'oa leo utamfuata hadi kwenye magari ya ile bendi.

"Na kiti changu?" aliuliza. "Usinizunguke. Mna maonyesho, mna albamu ya kuuza. Mtamweka nani nyuma ya zile ngoma? Akiwa mwanamke nitarudi kwa miguu. Akiwa mwanamume nitamchukia vilevile. Sitaki ugeuke nyuma umkute mtu mwingine."

Nyuzi alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo alikuwa amelijibu kwa muda mrefu mbele ya wote.

"Hatakaa mtu," alisema. "Hujaelewa bado? Nimetunga albamu nzima isiyohitaji ngoma. Unadhani nilikuwa nafanya nini?"

Kishindo alizikumbuka zote, moja baada ya nyingine, zile nyimbo alizozihesabu kama matusi, kila moja ikimsogeza nje kidogo. Alikuwa amezikasirikia kwenye karakana, amezikasirikia njiani, amezilalamikia kwa mama yake. Na kumbe mwanamume huyu, asiyejua kusema neno mezani, alikuwa amebadilisha muziki wote wa bendi yake, muziki uliompa jina, ili asije mtu akakalia kiti kimoja.

Alilia sana. Nyuzi alimwacha alie. Kutoka ndani spika ilisikika ikiwauliza kama wamefunga ndoa huko nje au wamekufa, maana umeme haulipiwi kwa mapenzi.

Waliporudi, Binamu alijishughulisha na waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Mwalimu alikuwa ameshanawa mikono upya. Kishindo alimpitia, akasita, akamshika bega kidogo, na Mwalimu akaliweka shavu lake juu ya ule mkono mgumu kwa nukta moja tu. Kishindo akaenda akakaa mahali pake.

Mama Santuri aliuliza sasa wanapiga upi. Yeye ule wa ngoma ulikuwa umemsisimua, hakuficha, na kwa mtazamo wa muuzaji ungetoka kama mkate wa asubuhi. Ule mwingine ulikuwa mzuri pia, ila wa huzuni. Waamue wenyewe, na waamue upesi.

Binamu alimtazama Nyuzi. Mwalimu alimtazama Nyuzi. Nyuzi aligeuka, si kushoto, akageuka mzimamzima mpaka gita likagonga maiki, akamtazama Kishindo na kungoja.

Kishindo aliviangalia vijiti. Alijua angevishika, wimbo ungeinuka tena, na ungekuwa wimbo mkubwa kuliko wote waliowahi kuupiga. Na siku ya Jumapili, akiwa mbali, wangelazimika kumtafuta mtu wa kuupiga.

"Usio na ngoma," alisema. "Na ubaki hivyohivyo mpaka nirudi."